Kukisia Washindi si Kupiga Ramli

Naomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kusema neno juu ya mchezo uliozuka kati ya wanafunzi wetu hapa Rumonge, nao ni mchezo wa kukisia washindi wa tuzo zitolewazo katika televisheni. Msimu wa tuzo unapokaribia, ziwe za sinema, au za michezo ya televisheni, au za wanamuziki, wanafunzi huandika majina katika karatasi: huyu atashinda, yule hatashinda. Siku ya matokeo karatasi hufunguliwa, na aliyepata majina mengi huitwa Bingwa mpaka msimu mwingine.

Mchezo huu umewagawanya watu. Wazee wengine wasema ni kamari, ukomeshwe mara moja. Wanafunzi wengine nao wasema ni bahati tu, hakuna haja ya kufikiri, andika jina la umpendaye ukalale. Mimi nilisoma katika shule hii, na sasa ni mzazi. Nasema pande zote mbili hazikuutazama mchezo vizuri. Mchezo huu ni somo, tena somo jema, ila una masharti yake. Nitaeleza sababu zangu, nanyi mpime.

Twende kwanza ziwani, maana sisi watu wa pwani ya Tanganyika tumezaliwa katika kazi ya kukisia. Mvuvi wa ndagala hutazama mwezi kabla ya kusukuma mtumbwi. Usiku ukiwa wa giza, taa zake huwavuta samaki wakakusanyika chini yake, akatega wavu. Mwezi ukijaa, nuru imeenea juu ya maji yote, samaki hawana sababu ya kuifuata taa yake, na mitumbwi mingi hupumzika ufukoni. Hutazama pia upepo, akauliza wenzake wa Minago na wa Nyanza-Lac jana walipata nini. Ndipo asema, "Leo tutapata," au, "Leo tusitegemee sana." Je, mtu huyu ni mganga wa ramli? Hasha. Ana sababu, na sababu zake waweza kuziuliza ukazipima. Siku nyingine atarudi mtumbwi mtupu ingawa giza lilikuwa zito, lakini hatautupa ujuzi wake ziwani kwa ajili ya usiku mmoja.

Basi hiyo ndiyo tofauti. Mpiga ramli hutaja jibu asiweze kueleza amelipataje. Mwenye kukisia hutaja jibu na sababu yake. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: karatasi isiyo na sababu isipokewe. Mwanafunzi akiandika, "Fulani atashinda," na aongeze, "kwa sababu hii na hii." Hapo mchezo umekuwa hesabu, na mwalimu yeyote aweza kuusahihisha.

Sasa sababu zitafutwe wapi? Wengi wetu humtazama mshindani, tusimtazame mwamuzi. Twasema, "Huyu aimba vizuri kuliko wote, lazima ashinde." Lakini tuzo haijipi yenyewe. Kuna watu waitoao, na kila tuzo ina watu wake. Nyingine huamuliwa kwa kura za watazamaji wote, kila mwenye simu na apige. Nyingine huamuliwa na wanachama wa kazi ile peke yao. Nyingine huamuliwa na waamuzi wachache waliokaa chumbani. Asiyejua ni mahakama gani itakayohukumu, atakisiaje hukumu?

Mtazameni Diamond Platnumz, Mtanzania ambaye nyimbo zake zasikika katika magari ya abiria kutoka hapa mpaka Bujumbura. Mwaka 2014 alikuwa katika orodha ya tuzo za BET za Marekani, upande wa wasanii wa Afrika, na aliyeshinda ni Davido wa Nigeria. Mwaka 2021 aliingia tena katika orodha ya BET, safari hii ya wasanii wa mataifa, na aliyeshinda ni Burna Boy, Mnigeria pia. Lakini tarehe 25 Oktoba 2015, mjini Milan, katika tuzo za MTV za Ulaya, Diamond alichukua tuzo ya Afrika na India pamoja, akampita hata Priyanka Chopra, mchezaji wa sinema ajulikanaye sana. Mtu ni yule yule, na sauti ni ile ile. Tofauti ni nini? Kule BET wapigaji kura wa tuzo ile ni watu waliochaguliwa. Kule MTV kura ilikuwa ya mashabiki, na mashabiki wa Afrika ya Mashariki walipiga kura kama watu wavutao wavu mmoja. Aliyekisia kwa mapenzi aliandika jina la Diamond miaka yote mitatu, akapata mara moja. Aliyeuliza ni nani apigaye kura alikuwa na nafasi ya kupata zaidi.

Nitatoa mfano mwingine, ambao napenda mwalimu wa hesabu autumie darasani. Mwaka 2014 Mkenya Lupita Nyong'o aliingia katika orodha ya Oscar ya mchezaji bora wa kike wa kusaidia, kwa kazi yake katika sinema 12 Years a Slave. Mshindani wake mkubwa alikuwa Jennifer Lawrence wa Marekani. Kabla ya siku ya Oscar kulikuwa na tuzo nyingine, nazo zilipingana. Golden Globe, ambayo wakati ule ilitolewa na waandishi wa habari wa kigeni walioko Hollywood, ilimpa Lawrence. Chama cha wachezaji wa sinema wa Marekani kilimpa Lupita. Tuzo za BAFTA za Uingereza zikampa Lawrence. Mwenye kuhesabu tu angesema, "Mbili kwa moja, Lawrence atashinda." Lakini hesabu hiyo ina kasoro, maana alama zote hazina uzito mmoja. Waandishi wa habari hawapigi kura ya Oscar. Kura ile hupigwa na wanachama wa Akademia ya sinema, ambao mwaka ule walikuwa wapatao 6,000, na kundi lililo kubwa kuliko yote ndani yake ni la wachezaji wenyewe. Basi kura ya chama cha wachezaji ilikuwa dalili yenye nguvu zaidi, kwa kuwa wachezaji wenzake ndio watakaohesabiwa wengi. Na kweli, usiku wa tarehe 2 Machi 2014, Lupita alishinda. Waliotumia mapenzi ya Afrika ya Mashariki peke yake walipata jibu sahihi, lakini walilipata kama mtu aokotaye samaki aliyetupwa na mawimbi. Waliopima uzito wa dalili walijua kwa nini wamepata.

Hapa nataka kuwaonya wanafunzi juu ya maneno mawili tuyachanganyayo kila siku, yaani "nataka" na "nadhani." Mtu mwenye timu yake ya mpira, au mwimbaji wake, au nchi yake, huona vigumu kuandika jina la mshindani. Ajiona kama msaliti. Lakini karatasi ya kukisia haikuulizi wampenda nani. Yakuuliza waona nini. Mvuvi ataka samaki kila usiku, tena ana watoto wa kulisha, lakini utashi wake hauufichi mwezi. Mwanafunzi awezaye kuandika, "Namtaka huyu, lakini nadhani atashinda yule," amejifunza jambo litakalomfaa siku atakapokuwa mfanyabiashara wa mawese, au mganga wa hospitali, au diwani. Mfanyabiashara aliyechanganya bei aitakayo na bei iliyopo sokoni, duka lake halikai.

Sasa niwageukie wazee wanaoogopa kamari. Wazee wangu, hofu yenu ina haki. Nimesikia kwamba wanafunzi wengine wameanza kuwekeana fedha, faranga 500 huyu na faranga 1,000 yule, na fedha zile zilitoka nyumbani kwa ajili ya daftari na kalamu. Jambo hili sharti likome, na hilo ndilo sharti langu la pili: fedha isiingie katika mchezo kabisa. Wala sisemi hivi kwa kuwa ni desturi ya wakubwa kukataza. Nasema kwa kuwa mchezo wenyewe watufundisha hivyo.

Tazameni tuzo za Emmy, ambazo ndizo kubwa za televisheni huko Marekani, nazo zilianza kutolewa mwaka 1949. Wapigaji kura wake ni zaidi ya watu 20,000, wote wa kazi ya televisheni. Zilipotolewa jioni ya tarehe 15 Septemba 2024 mjini Los Angeles, kwetu hapa ilikuwa yapata saa nane za usiku wa kuamkia Jumatatu. Upande wa vichekesho, karibu kila mjuzi alisema mchezo uitwao The Bear utashinda. Walikuwa na sababu nzuri: ulikuwa umeshinda tuzo ile ile mwezi Januari wa mwaka huo huo, na safari hii jina lake lilikuwa limetajwa mara 23 katika orodha, jambo ambalo mpaka wakati ule halikuwa limepata kutokea kwa mchezo wa vichekesho. Tena usiku ule ulikuwa umeshachukua tuzo nyingine kadhaa. Bahasha ya mwisho ilipofunguliwa, lilisomwa jina la Hacks. Watu wengine walikuwa wakinung'unika zamani kwamba The Bear huliza kuliko kuchekesha, na labda wapigaji kura wengi walikuwa na neno hilo moyoni. Lakini hilo tulilisema vizuri baada ya matokeo.

Au kumbukeni Oscar ya tarehe 26 Februari 2017. Wazee wawili maarufu wa sinema, Warren Beatty na Faye Dunaway, walisimama jukwaani wamekwisha pewa bahasha mkononi, nayo ilikuwa bahasha isiyo yake. Ikatangazwa La La Land. Wenyewe wakapanda, wakaanza kushukuru, kisha ikaonekana kwamba mshindi ni Moonlight. Basi ndugu zangu, ikiwa hata aliyeshika bahasha aweza kutaja jina lisilo lake, wewe uliyeko Rumonge waweka fedha ya daftari juu ya nini? Kukisia vizuri maana yake ni kupata mara saba au nane katika kumi. Hizo mbili au tatu zilizobaki hakuna elimu ya kuziziba. Akosaye karatasi tupu amepata somo, na kesho atajaribu tena. Akosaye fedha ya daftari hukaa darasani hana pa kuandikia, na somo lenyewe limempita.

Hata hivyo siwaungi mkono wasemao mchezo ufutwe wote. Mtoto akianguka kutoka juu ya mchikichi hatukati michikichi yote ya Rumonge. Twamfundisha kupanda.

Na sasa naja kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Nimezitazama karatasi za wanafunzi za msimu uliopita. Nimeona majina ya Wamarekani, Wanigeria, Waafrika ya Kusini, Watanzania wawili watatu. Jina la Mrundi sikuliona hata moja. Nilipouliza, kijana mmoja alinijibu, "Mzee, hakuna Mrundi katika orodha." Alisema kweli. Lakini hakuna aliyeniuliza orodha yenyewe hutoka wapi.

Wasomaji wapenzi, orodha haishuki kama mvua. Kabla ya bahasha kuna orodha, na kabla ya orodha kuna mtu aliyeipeleka kazi yake ikatazamwe. Kwa tuzo nyingi, kazi isiyopelekwa haihukumiwi, hata ikiwa nzuri namna gani. Kwa Oscar ya sinema za kimataifa, kila nchi huchagua sinema moja ikaipeleka. Tanzania ilipeleka Maangamizi mwaka 2001, kisha miaka mingi ikapita, mpaka mwaka 2022 ilipopeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka katika riwaya ya Adam Shafi ambayo wengine wenu mmeisoma. Kenya ilipeleka kwa mara ya kwanza mwaka 2012, nayo ilikuwa Nairobi Half Life. Hakuna iliyoingia katika wale watano wa mwisho, lakini zilikuwa mlangoni, zikagonga. Na huko Lagos mwaka 2016, katika tuzo za Africa Magic, Watanzania Elizabeth Michael na Single Mtambalike walirudi nyumbani na tuzo, yeye Elizabeth kwa sinema bora ya Afrika ya Mashariki, na mwenziwe kwa sinema bora ya Kiswahili. Tazameni neno hilo: kulikuwa na tuzo ya Kiswahili, lugha hii hii isemwayo sokoni na ufukoni kwetu.

Na sisi Burundi? Kisa chetu kimepata kufika Hollywood. Mwaka 2011 sinema fupi iitwayo Na Wewe ilikuwa kati ya sinema tano zilizogombea Oscar ya sinema fupi. Inaonyesha gari dogo la abiria lililosimamishwa njiani na watu wenye silaha mwaka 1994, katika siku zile za msiba, na abiria wakaambiwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku, ikaonekana kwamba kuwatenga watu si kazi nyepesi kama walivyodhani wenye bunduki. Kisa ni chetu, nchi ni yetu, hata jina la sinema ni maneno ambayo kila mtoto wa hapa huyaelewa. Lakini mwenye kuitengeneza ni Ivan Goldschmidt wa Ubelgiji, na kwa sinema ile Ubelgiji ndio uliotajwa. Tarehe 27 Februari ilipofika, tuzo ilikwenda kwa sinema ya Kimarekani, God of Love. Simlaumu bwana yule. Alifanya kazi njema, nasi tumshukuru. Nauliza tu: kisa kile kilikuwa hapa kwetu mkononi, kwa nini hakikuanza kusimuliwa na sisi?

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza mtasema, hatuna fedha. Ni kweli, sinema yataka fedha, na nchi yetu si tajiri. Lakini sinema fupi haihitaji mali ya sinema ndefu, na simu iliyo mfukoni mwa kijana leo yaweza kupiga picha ambazo zamani zilihitaji gari zima la mitambo. La pili mtasema, lugha yetu haijulikani. Usiku ule ule wa Emmy wa mwaka 2024, tuzo ya mchezo bora wa kuigiza ilikwenda kwa Shōgun, ambao sehemu kubwa ya maneno yake ni Kijapani. Wapigaji kura walisoma maandishi chini ya picha, wakaelewa. Basi Kirundi na Kiswahili navyo vyaweza kuandikiwa maandishi chini. La tatu mtasema, hatuna pa kuanzia. Lakini Léonce Ngabo alitengeneza Gito l'ingrat mwaka 1992, sinema ndefu ya kwanza ya Burundi, na tangu mwaka 2009 kumekuwa na tamasha la sinema la FESTICAB lililoanzishwa naye. Tusiseme hakuna mlango wakati mzee amekwisha kuufungua.

Na visa havitukosi. Ziwa limepanda miaka hii ya karibuni, likameza nyumba za ufukoni, watu wakahama na mabati yao kichwani. Wako waliorudi kutoka makambi ya Tanzania wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Wako akina mama waanikao ndagala mchangani huku wakitazama wingu la mvua. Mambo haya hayatakuwamo katika orodha yoyote mpaka mtu wa hapa ayashike, ayapange, ayapeleke.

Kwa hiyo nashauri karatasi ya mchezo wetu iwe na safu tatu. Safu ya kwanza, jina la yule unayedhani atashinda. Safu ya pili, sababu yako, na hasa nani apigaye kura. Safu ya tatu, kitu gani cha kwetu kingefaa kuwa katika orodha hiyo, na nani wa kukitengeneza. Mwenye kushinda safu mbili za kwanza apewe jina la Bingwa kama desturi. Lakini safu ya tatu isomwe mbele ya shule nzima, na wanafunzi wa zamani tulioko Bujumbura, Kigoma na ng'ambo tuombwe kusaidia kile kitakachoonekana chafaa. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kutoa, nami nawaomba wenzangu wasiniache peke yangu.

Asiyetega wavu hana haki ya kulalamika juu ya mwezi. Tukisie kwa akili, tusiweke fedha, na kisha tusukume mtumbwi.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani, Rumonge